Mstari wa Jina la Mama

Mstari wa kwanza, jina. Hapo hatukugombana:
Thuwaiba binti Seif, na ukoo wake mrefu
uliojaa mpaka ukingoni mwa karatasi.

Wa pili, mahali pa kuzaliwa.
Baba akaniambia, "Andika Ibra,"
huku anamenya chungwa, macho hainui.
"Andika Ibra. Nani atakwenda kuchimba?"
Shangazi akaniondoa mkono kwenye kibodi.
"Shinyanga. Nyuma ya kinu cha pamba.
Kinu usikiandike. Shinyanga iandike."

Kwenye sabla, wiki ile,
wanaume walipitisha kahawa na swali moja:
huyu ni wetu, au ni wa kuja?
Waliliuliza kwa Kiarabu.
Mzee Nasor akacheka kwa Kiswahili,
akatema kokwa ya tende kiganjani.

Miaka thelathini na mmoja, wodi ya wazazi,
zamu ya usiku. Hilo baba alilitaka juu,
kwa herufi nene.
Hakutaka ijulikane anavyohesabu pumzi,
moja, mbili, bado, bado,
wala kwamba wanawake wa Kibedui kutoka mchangani
walirudi kwao na mtoto
na neno moja la kwetu: sukuma.

Kisha, jina la mama.
Baba akaliweka chungwa chini.
Mama yao si mmoja; nyumbani tunalijua hilo
kama tunavyolijua bomba linalovuja.
"Acha wazi. Fomu haikulazimishi."
Kweli, haikulazimisha.

Alikuwa na miaka tisa walipompandisha ndege
na gauni la shule, mwaka sabini na mbili.
Aliyebaki hakupewa karatasi ya kujaza.

"Kabula," akasema. "Kabula ng'wana Masanja."
Fomu ni ya Kiarabu, na Kiarabu hakina ng'.
Nikaweka nuni, nikaongeza ghaini.
Akasoma, akatikisa kichwa:
"Huyo ni mtu mwingine."
Nilipoichapa akaichukua,
akaandika kwa mkono, akikandamiza.

Kura zilipigwa kwa simu.
Bi Ruqaya wa jirani alinipa yake nimshikie
mbele ya uso wake, imtambue.
"Yule mkunga yuko wapi humu?"
Yupi, bibi?
"Wa sukuma."

Hazikutosha.
Nakala ya fomu iko mlangoni mwa friji,
chini ya sumaku ya duka la gesi.
Pale kwenye ng' kalamu ilitoboa;
ukifungua friji gizani
tundu linawaka.