Kasma ya Nyoka

Jalada limefika Mtumba na vumbi la barabara tatu
na duara la kikombe cha chai cha mtu nisiyemjua.
Ndani yake, nyoka.

Si mkubwa. Mwembamba kama mkanda wa mwanafunzi.
Aliingia visiwani, wanasema, katika shehena ya mabati,
akapanda miti usiku, kiota kwa kiota,
mpaka alfajiri ikaanza kuja kimya.

Afisa Magesa ameandika kwa mkono,
herufi zimelala upande kama zinakwepa mvua:
"Buibui sasa ni wengi. Wamefuma mpaka mlangoni pa zahanati.
Muuguzi hutangulia na fagio, wagonjwa hufuata.
Watoto wa darasa la kwanza huchora ndege mwenye miguu minne."

Anaomba milioni mia nne na kumi.
Ukomo wetu ni arobaini na moja.
"Sifuri moja tu," anasema Bwana Nghambi, mkuu wangu,
akiigonga kwa kalamu kana kwamba ni tonge lililozidi.
Mitego elfu moja na mia mbili ikawa mia na ishirini.
Nyoka hakujulishwa.

Nami ni nani wa kuwalilia ndege?
Nimekulia Bahi, juu ya dungu, kombeo mkononi,
tangu mtama unapotia maziwa hadi mama aseme basi.
Kweleakwelea walishuka kama shuka linalokung'utwa,
wakainuka, na shamba limebaki mabua.
Niliwalaani kwa Kigogo; Kiswahili kisingetosha.
Mwaka mmoja ikaja ndege ya serikali kuua ndege.
Tulilicheka neno hilo, mimi na kaka yangu Ndahani,
kisha tukaokota, ndoo kwa ndoo, tukafukia,
na siku tatu hatukuwa na la kuamia kule juu.
Tukakaa tu, masikio yakituwasha.

Kimya kile nakijua.
Kimo humu, aya ya nne.

Nikarudi kwenye majedwali.
Ukurasa wa kumi na moja: semina, siku tano, hapahapa Dodoma,
posho, mikoba yenye nembo, maji ya chupa,
milioni thelathini za kumjadili nyoka asiyealikwa.
Hapa sifuri haikudondoka.
Hazina iliumwa zamani na miradi hewa,
ikiona ung'ongo hushtuka;
ila semina ni ung'ongo uliokwisha kusukwa mkeka.
Tumeuzoea. Tunaukalia.

Nimechora mstari juu yake, mwekundu, mwembamba,
nikaandika pembeni: *zihamie mitego.*
Bwana Nghambi ameuona. Amevua miwani,
ameifuta kwa tai, ameivaa tena.
"Watakuuliza, Nyemo."
"Waniulize."

Leo ni tarehe ishirini na saba Juni.
Usiku wa thelathini, fedha iliyolala hurudi ilikotoka.
Nyoka hafungi mwaka.
Huenda sasa hivi yuko juu ya tawi, anahesabu mayai
bila kikokotoo, bila kukosea.

Nje ya dirisha, juu ya boksi la kiyoyozi,
shorewanda wawili wanagombea unyasi mmoja,
wanapiga kelele kama waliolipwa.
Mkono wangu wa kulia, kwa mazoea,
umepapasa mezani ukitafuta jiwe.

Nimeupa muhuri.