Upindo wa Kushoto

Leo anatimiza miaka sabini na minane
na mimi nimemtoa kwenda kula nje,
mwanamke ambaye kwa nusu karne
hakuna kilichomtoa jikoni ila usingizi.

Tunapita chini ya Lango la Opatów,
yeye mbele, mkoba kifuani,
viatu vya kanisani vikigombana na mawe ya uwanja.
Sandomierz imeoga mvua ya asubuhi.
Jumba la baraza limesimama na saa yake
kama karani asiyetaka kustaafu.
"Kwani nyumbani hakuna viazi?"
Vipo, Mama. Leo havina shida na wewe.

Ngazi zinashuka hadi kwenye pango la matofali,
ghala la wauza nafaka waliokufa zamani;
nafaka iliuzwa, baridi ilibaki.
Binti wa mezani anaitwa Kalina.
Blauzi yake ina maua ya kutarizi,
na Mama anaushika mkono wake, anageuza pindo,
anachungulia upande wa nyuma.
"Mashine," ananiambia. Hata hanong'oni.

Żurek inaletwa ndani ya mkate uliochimbwa,
mvuke, yai, soseji nyeupe, uchachu wa unga wa rai.
Anaonja kwa ncha ya kijiko.
"Imenyimwa siku mbili."
Bigos nayo: "Kabichi hii bado ina haya.
Ipashwe moto mara tatu ndipo itasema."
Mkate na mafuta ya nguruwe ni bure, anasema Kalina.
"Bure," anasema Mama, "subiri hesabu."
Kila sahani ikiisha anainuka kuiondoa
na mimi namrudisha kitini kwa kumgusa bega,
mara nne, mara tano,
hadi watu wa meza ya pili wanaanza kutuhesabia.

Kisha pierogi, kumi na mbili,
zinang'aa kwa siagi na vitunguu vya kahawia.
Anakula moja.
Ya pili haili. Anaigeuza kwa uma,
anafuata upindo wake kwa kidole, mkunjo kwa mkunjo,
kama asomaye mwandiko anaoujua.
"Bogusia. Umeenda kushoto."

Ludwika, dada yake, alikuwa mashoto.
Shuleni walimpiga rula vidoleni
hadi akajifunza kuandika kwa mkono wasioupiga.
Lakini unga haukuwa na mwalimu.
Krismasi, kwenye sinia la pierogi mia,
zake zilijulikana: zilitazama upande mwingine.
Miaka kumi na mmoja sasa
sinia letu lote linatazama upande mmoja.

Safari hii anainuka na simzuii.
Anabeba sahani zote, hata yangu, ambayo sijamaliza,
anasukuma mlango kwa kiuno, anapotea.

Nilipomfuata nilidhani nitamkuta
amekunja mikono, anamfundisha mtu kazi.
Nilimkuta amesimama ukutani,
mikono nyuma, kimya,
mkoba miguuni kama mbwa mzee,
anamtazama kijana mwenye hereni na unga hadi viwikoni.
"Mimi ni wa Szczecin, bibi," kijana alikuwa akisema,
"sina ndugu hapa, huyo Ludwika simjui."
"Sijakuuliza undugu," alijibu Mama.
"Nimesema kunja nyingine. Polepole."

Akakunja. Akakunja tena.
Mafuta yalilia kwenye kikaango, Kalina aliingia na kutoka,
mtu alidai kachumbari yake,
na mama yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwake,
alikuwa jikoni bila kazi.

Nje, taa za uwanja zimewashwa.
Amekwisha kulalamika juu ya bei,
zloti thelathini na nne kwa unga na viazi,
amelalamika juu ya ngazi, juu ya Wisła na unyevu wake.
Namshika mkono wa kulia tuteremke.
Wa kushoto ameuficha mfukoni mwa koti,
na mfuko unacheza, kidogo kidogo,
dole gumba na shahada vikibana kitambaa,
vikiteleza, vikibana tena.