Korosho Mia na Hamsini

Bi Sikudhani kaniuliza tena leo, ndoo kichwani:
"Hao watoto wako, Mama Somoe, shule wanaenda lini?"
Nikamjibu: leo. Tena tumechelewa.
Akatukagua: kamba ya katani, penseli tatu,
kopo la korosho za kukaanga,
Shaweji ndani ya viatu vya kaka yake.
Hakusema kitu. Maji ya ndooni yalicheka kwa niaba yake.

Makumbusho niliyowapeleka, hapa hapa Lindi, ni chumba kimoja,
feni moja, kabati lenye kioo kilichopasuka kona,
na juu ya meza ndefu, mfupa wa mkono wa mjusi mkubwa,
wa plasta. Mwenyewe yuko Berlin,
kasimamishwa katika jumba nisilolijua mlango.

Safari ya kwanza nilikosea.
Niliwapanga mstari nikawasomea vibao,
kimoja, kingine, kingine, kama khutba ya mchana wa jua,
mpaka Shaweji akasinzia, na Chitanda akahesabu mijusi ya ukutani.
Saba.
Ndilo somo pekee tulilorudi nalo.

Leo sikusoma. Nikawapa kamba: pimeni.
Chitanda, ambaye darasani walimcheka kigugumizi
hadi akawa haitiki hata jina lake,
akajilaza sakafuni sambamba na meza.
Somoe akaandika daftarini:
*Urefu: Chitanda mmoja, na Shaweji mpaka kwapani.*
Mita zitasubiri nyumbani.

Kisha kopo. Kila korosho, miaka milioni.
Tukaanzia mfupani, tukapinda kwenye mtungi wa Wamwera,
tukapita chini ya benchi, kuelekea mlangoni,
na Bwana Mchopa, mlinzi, aliyesema "Msiguse!" mara nne,
akainua mguu mmoja, akainua wa pili,
miaka ipite.

"Na s-sisi tu-tuko wapi?"
Chitanda huyo. Kwa sauti. Mbele ya mgeni.
Sikugeuka haraka, nisije nikamtisha.
Nikaing'ata korosho ya mwisho, ikabaki theluthi:
"Hapa. Watu wote. Kilwa yote na misikiti yake,
na bibi wa bibi yako, na wewe."
Akaitazama kiganjani mwangu, akaitazama.
Shaweji akala binadamu wote.

Tulipookota tulipata mia na arobaini na moja.
Hesabu ya kutoa wakaifanya bila kuombwa;
mwizi alikuwa na chumvi kwenye kidevu.

Hapo ndipo Bwana Mchopa akasema, kama anayeongea na feni,
"Mifupa yenyewe, babu wa babu yangu aliibeba.
Tendaguru mpaka bandarini, siku nne, kichwani."
Somoe akaenda kwenye kibao. Akakisoma chote, mwenyewe.
"Mbona wameandika *wapagazi* tu? Yeye aliitwa nani?"
Miaka kumi na moja amekilinda kibao kile.
Akavua kofia. Akaivaa.
"Nyumbani tulimtaja kama Nalinga.
La baba yake silijui."

Somoe akachana karatasi, akaandika *Nalinga*,
akaacha nafasi, akatia alama ya kuuliza.
Na yule yule wa "Msiguse"
akaunyanyua mfupa kwa mkono wake,
akaibana karatasi chini yake, feni isiipeperushe.

Jioni, Bi Sikudhani yuko palepale, ndoo sasa tupu.
"Haya, wamejifunza nini?"
Somoe akampa fumba la mkono: "Shikamoo. Miaka milioni sita hiyo."
"U-usile yote," akasema Chitanda.
Akala yote.
"Chumvi imekolea," akasema,
akafunua kiganja tena.