Daftari la Khainza

Mbale, kidato cha pili. Mwalimu Wamono
hakuandika kitu ubaoni. Aliweka ndoo, mwiko,
chupa tupu. "Pikeni sabuni, uzeni.
Ijumaa nataka hesabu."

Khainza akaleta: chupa kumi, elfu moja moja;
toa dawa, toa chumvi, toa nauli ya bodaboda,
faida, mia tatu.
"Na jasho lako, uliliandika wapi?"
Akavitazama viganja vilivyochubuka.

Chini kabisa, kwa penseli hafifu:
Mama, chupa mbili. Deni.
Kalamu nyekundu ikainuka,
ikasita,
ikarudi mfukoni.

Jumatatu noti mbili zikafika darasani,
zingali mbichi,
zikinukia sabuni ile ile,
na agizo kutoka Namakwekwe:
chupa tano. Taslimu.