Ufunguo wa Ramani

Tulianza na kikombe.
Niliwapandisha juu ya madawati, viatu mikononi,
nikakiweka sakafuni: mnaona nini?
"Duara, Mwalimu."
Na mkono wake?
"Kijiti." "Sikio." "Ulimi," akasema Barmasai,
ambaye kila kitu kwake kina ulimi.
Basi hivyo, nikawaambia, ndivyo mwewe anavyoijua chai yenu,
na ramani ni mwewe aliyetulia kidogo
tukamwazima penseli.

Siku ya pili tukatoka uani.
Watoto wa Gredi ya Pili hawana kaskazini.
Wana kwa kina fulani, wana kule kwenye mbwa mkali,
wana pale mama alipoteleza na mtungi wa gesi.
Nikawageuza mabega, mmoja mmoja:
Menengai usoni, ziwa mgongoni,
mkono wa kulia ndio unaoamsha jua,
wa kushoto hulilaza.
Nyaboke huandika kwa kushoto.
Akauliza kama jua linajua hilo.

Jumatano niliandika ubaoni: UFUNGUO.
"Unafungua nini?"
Swali la haki. Unafungua vinywa vya alama, nikajibu,
nisijue bado nilichosema.
Tukakubaliana: kifuniko cha soda ni kisima,
punje ya mahindi ni kinu cha Mama Wanja,
njiti mbili sambamba ni reli,
kitufe cha shati ni kanisa.
Vitufe vikaisha kabla ya Kaptembwo kuisha.

Kisha Alhamisi nikatundika ramani kuukuu ya stoo,
iliyokunjwa miaka mingi hata mikunjo ikawa mito ya uongo.
Ziwa lilikuwa dogo humo,
limejikalia kama yai kiotani.
Gathuku wa dawati la nyuma, mgeni wa muhula huu,
akaja mbele bila kuitwa.
Akaweka kidole nje kidogo ya ufuo, penye weupe.
"Hapa ni kwetu, Mwariki. Hapako hivi."

Akachukua krayoni ya buluu, akapaka.
Hakupaka kama wapakavyo watoto, wa kukimbilia kengele.
Alipaka zizi. Alipaka choo. Alipaka mparachichi,
akapaka njia ya kwenda kwa shangazi,
akafika penye ua, akasita,
akaupaka.
Barmasai, mwenye ndimi zote, hakuwa na hata mmoja.

Chuoni nilifunzwa kwamba ramani
humwonyesha mtu njia ya kufika.
Hakuna aliyenifunza alama ya mahali
pasipofikika tena, na mtoto anapajua
kwa idadi ya hatua, gizani, bila tochi.

Tuweke nini kwenye ufunguo? nikamuuliza.
Akafikiri, ncha ya penseli mdomoni.
Akachora pembetatu tupu, isiyo na kuta chini yake.
"Paa," akasema. "Siku ile tulipogeuka kuangalia
ndilo lililokuwa limebaki."

Nyaboke akainakili kwa mkono wake unaolaza jua.
Wakainakili wote, thelathini na wanane,
pembetatu ndogo ndogo katikati ya buluu,
na pembeni, kwa herufi zilizolewa:
hii ni kwa kina Gathuku.
Mmoja akamwongezea heroe juu ya paa,
amesimama mguu mmoja,
na Gathuku akaitazama, akasema ndiyo,
walikuwako.

Mkaguzi akija atakuta ziwa limevuka mstari
na ataniuliza ni nani aliyeharibu mali ya shule.
Bado sijatunga jibu.
Kwenye daftari la mahitaji nimeandika
gundi, chaki nyeupe, vitufe,
krayoni ya buluu, moja.
Nimeifuta ile moja. Nimeandika tatu.