Ukungu wa Pawaga

Mjini Iringa ukungu hushuka alfajiri
ukalala Gangilonga kama blanketi lisilokunjwa.
Sisi wa Pawaga hatuujui huo.
Huku jua linachomoza likiwa limeshakasirika.
Ukungu wetu ni wa majani,
ule unaokupeleka dukani Itunundu kukopa dawa
ukarudi na bomba mgongoni.

Shamba la baba mkwe limekula chumvi nyingi
lakini busara halikupata.
Mfereji ukikauka, linaota mvi:
weupe kingoni, weupe katikati.
Mama mkwe hukwangua ule unga
akalainishia maharage.
"Angalau tunavuna kitu," husema, wala hacheki.

Ndipo Twilumba, binti wa mzee Kihwele,
aliyekwenda kusomea kilimo akarudi na kucha chafu,
alipochimbua shina la nyasi
lililosimama peke yake palipokufa kila kitu.
"Haliko peke yake," akasema.
Akanionyesha mzizi. Sikuona.
"Ni wembamba kupita uzi wa buibui. Ni kuvu."

Kuvu!
Mimi ninayedaiwa kwa kumuua kuvu
leo nimkaribishe, nimtandikie?

Akamlea kwenye mizizi ya mtama, ndani ya ndoo mbovu,
miezi mitatu,
akaniletea udongo wake katika kopo la maziwa:
kijiko kimoja kila mche wa kitunguu.
Nikatia tuta moja tu, la mwisho, karibu na choo,
likifa lisionekane barabarani.

Kitunguu hakina mizizi ya kujivunia,
ni ndevu za kijana.
Lakini kule gizani walipatana.
Huyu anatoa sukari,
yule anafuata maji mahali mkono wa mwenzake haufiki,
na chumvi, si yote, inabaki mlangoni.
Hakuna daftari. Hakuna anayefukuzia deni.

Mwezi wa pili matuta mengine yaliungua ncha.
La chooni likasimama.
Sitasema muujiza: vitunguu vilikuwa vidogo,
vingine gololi tupu, ndoo mbili na nusu.
Ila nilipong'oa cha kwanza
hakikutoka upesi.
Kitu kilinivuta kutoka chini,
kidogo,
kama mtoto anayeshika pindo la kanga.

Jana mama mkwe kaja na kijiko chake cha kukwangulia.
Kote, mama, nimemwambia, ila pale.
Pale wamelala wageni.