Kilo Mbili

Mama alianza na mto mmoja,
akaomba wa pili, wa tatu,
mwisho akawa analala ameketi, mgongo ukutani,
kama abiria aliyekosa meli ya Ukerewe.

Tulisema ni umri. Jirani akasema ni mkono wa mtu.

Bugando, daktari hakuwa na haraka ya kusema.
Alibonyeza kifundo cha mguu,
shimo la kidole likabaki
kama unyayo kwenye tope la Kayenze.
Akampaka jeli baridi kifuani,
akanigeuzia kioo: moyo, ule pale,
mpana, mchovu,
unachota maji mtumbwini
kwa kopo lililotoboka.

"Haujasimama," alisema. "Umeelemewa."

Sasa mimi, karani wa mwaloni,
niliyepima sangara wa watu miaka kumi na minne,
kila alfajiri nampima Nyanzobe binti Masunga,
ametoka chooni, chai bado.
Naandika kwenye daftari lile lile la samaki,
ukurasa wa nyuma:
hamsini na nane. Hamsini na nane na nusu.
Zikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu,
tusingoje, twende.

Kidonge cha maji asubuhi. Dagaa bila chumvi.
"Hii si mboga, ni kifungo," ananung'unika,
na jana nimemkuta jikoni, punje nyeupe kidevuni,
mwizi wa miaka sabini na moja.
Sikugomba. Nilimfuta kwa kanga.

Leo hamsini na tisa na robo.
Nimeandika
kwa kalamu ya risasi.